Siku Tuliyofukiwa Miguu Mto Voi

Wa rika langu hawahitaji kuelezwa. Enzi zetu neno kambi halikuwa neno la kuchezea. Miaka ile ya hamsini, ya Hali ya Hatari, kambi ilikuwa ni seng'enge na askari wenye bunduki huko chini tambarare, na malori ya turubai yaliyopita Voi yamejaa watu usiojua walikotoka wala wanakopelekwa. Sisi watoto wa milimani, juu ya Wundanyi, tukisikia lori likinguruma kwenye kona tuliacha mdako wetu, vijiwe vimetapakaa chini, tukakimbilia migombani. Yaani wenzangu walikimbia. Mimi nilitambaa.

Mguu wangu wa kushoto ulipooza nikiwa na miaka mitatu, baada ya homa ya siku chache. Baba alinichongea mkongojo wa mti wa mpera, na kwa mkongojo huo nilifika kanisani na kisimani, basi. Wageni wakija, mama alinipeleka chumba cha nyuma. Hakuwa na roho mbaya. Aliogopa macho ya watu, nami nikaikuta hofu hiyo nyumbani kama nilivyovikuta vyungu na mafiga.

Sasa fikiria mwalimu wa kanisa anakuja jioni moja, anapewa kimanga, anakula anamaliza, ananawa, kisha anasema, "Mama Wakesho, mwezi wa nane kutakuwa na kambi kule karibu na mto Voi. Ni ya walemavu, watoto na wakubwa. Wiki moja. Watacheza, watakula, watarudi. Lori litakuja kuwachukua."

Kambi. Lori. Mama aliweka bakuli chini polepole. Nyanya, aliyekuwa pembeni akitoa mbaazi maganda, hakuinua hata kichwa. "Hao ni mumiani," akasema. "Mtu mzima wa akili amchukue mtoto kiwete, amlishe bure wiki nzima, kwa faida gani? Wanataka damu."

Mwalimu alicheka, lakini baba hakucheka. Walibishana siku tatu. Mwishowe baba alisema maneno ambayo mpaka leo sijui kama yalikuwa ya imani au ya kuchoka: "Akae chumba cha nyuma mpaka lini? Aende."

Nilipandishwa lori nikiwa na miaka tisa. Mama alinifunga kitambaa kichwani, akaninong'oneza, "Wakikuchoma sindano, piga kelele." Kama ningepiga kelele Voi yeye angesikiaje huko milimani, hakusema. Njia nzima mpaka Mwatate nilikuwa nimeubana mkongojo kifuani, nikiyatazama mashamba ya katani yakipita mistari kwa mistari, nikihesabu kona ili niweze kurudi kwa miguu. Kwa miguu! Mtoto akiogopa husahau hata alivyo.

Kambi yenyewe ilikuwa shule iliyofungwa kwa likizo. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Jambo la kwanza, nesi alitupandisha kwenye mizani mmoja mmoja, akaandika. Nikasema moyoni, nyanya alijua. Hivi ndivyo mbuzi wanavyopimwa. Mchana tukaletewa wali na nyama, chai ya maziwa yenye sukari mpaka inanata mdomoni. Nyumbani wali ulikuwa wa Krismasi. Nilikula kwa machozi, kila tonge nikilihesabu kuwa ni la kuninenepesha, na bado niliomba kuongezewa.

Pembeni yangu alikaa msichana wa umri wangu, Hadija, kutoka Mata, upande wa Taveta. Hakuwa akisikia wala kusema, ila alikuwa na sauti, mvumo fulani wa kooni aliouimba akifurahi bila kujua kwamba sisi tunausikia. Aliyapangusa machozi yangu kwa kidole, akachukua mfupa wangu, akaufyonza. Urafiki wetu ulianza hapo.

Mkubwa wetu alikuwa Baba Mwamburi. Toroli ya katani ilimpitia miguu yote miwili alipokuwa kibarua, na sasa alitembea kwa viganja alivyovifunga ngozi. Ndiye aliyeniuliza siku ya pili, "Wewe binti, mbona unalala na mkongojo kama bunduki?" Nikamweleza habari za mumiani. Hakunicheka. Akasema, "Mimi pia nilikuja naogopa. Lakini nimewaangalia. Wana kelele mno, wezi wa damu hawawi hivyo."

Siku ya nne walitupeleka mtoni. Kiangazi kile mto ulikuwa mchanga mtupu, na vijana watatu wa kanisa waliokuja kutusaidia walichimba shimo mpaka maji yakajaa. Nesi alisema mchanga wa moto ni dawa ya miguu iliyolegea. Basi tukalazwa safu, tukafukiwa mpaka kiunoni, na tukaona ni mchezo mtamu kuliko yote. Joto liliingia mpaka kwenye mfupa. Hadija hakufukiwa; alinimwagia mchanga kwa mikono miwili, akiuimba mvumo wake, mgongo ameuelekeza kwenye kichaka cha ng'ambo.

Mimi ndiye niliyekitazama kichaka. Kiligawanyika bila sauti, wakatokea ndovu. Mmoja, watatu, saba, na ndama miguuni mwa mama yake. Vumbi jekundu la Voi limewapaka kama matofali. Wale vijana watatu walipiga ukelele mmoja, wakaruka ukingoni, wakatoweka. Nesi, aliyekuwa juu kwenye moto wa chai, alisimama na mwiko mkononi, asiweze kwenda mbele wala nyuma.

Tukabaki kumi na mmoja mchangani. Nilijaribu kuvuta mguu mzima, ukakataa kutoka. Nikasikia mkojo wangu ukipasha mchanga.

"Tulieni," Baba Mwamburi akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba chumvi. "Asiyeweza kukimbia asijaribu. Hata kidole."

Wote walisikia, ila mmoja. Hadija aliendelea kuimba. Nilimshika viganja vyote viwili, nikamkazia macho. Alitabasamu, akidhani ni mchezo mpya. Kisha akauona uso wangu ulivyo, akageuka.

Nilihisi mwili wake ukijikunja kukimbia. Miguu yake ilikuwa mizima, angeweza. Nilimng'ang'ania kwa nguvu zote za mikono, na mikono ya mtu wa mkongojo ina nguvu. Alinitazama mara moja tu. Mvumo ukakatika. Akajilaza kifudifudi juu ya mchanga ulionifunika, kichwa tumboni mwangu, tukawa tunatetemeka kitu kimoja.

Walikuja kwenye shimo letu la maji. Nilisikia matumbo yao yakinguruma. Mama wa ndama alisogea mpaka kivuli chake kikatufunika, akaunusa mkongojo wangu uliolala pale, akaugeuza kwa mkonga, akaukanyaga. Ulilia kama kuni kavu. Pumzi yake ilinipiga usoni, nzito, yenye harufu ya majani mabichi. Sikusali. Nilisahau maneno yote.

Walikunywa zamu kwa zamu mpaka shimo likabaki tope, wakarudi walikotoka. Kisha Baba Mwamburi akaanza kuhesabu kwa kututaja majina, na kila mmoja akaitika.

Wale vijana walirudi vichwa chini. Mmoja alinifukua akilia, akirudia, "Nisamehe, dada." Baba Mwamburi akamwambia, "Usione haya, kijana. Ningekuwa na miguu ningekupita."

Kesho yake, kabla wiki haijaisha, lori liliturudisha makwetu. Mama alinivua nguo zote akitafuta tundu la sindano, asilione. Nilipomweleza habari za ndovu alishusha pumzi, akasema, "Ndovu tu?" Wazazi wengine hawakulichukulia hivyo, na kambi ile haikufanyika tena. Nilipokuwa mtu mzima niliuliza habari za Hadija sokoni Taveta, mara mbili. Hakuna aliyemjua.

Siku hizi mambo ni mengine. Watoto walemavu wana viti vya magurudumu na walimu wao, na kambi zao hutangazwa kwenye simu. Mwaka jana mjukuu wangu alikwenda moja kuwasaidia, akarudi analalamika kwamba hakukuwa na netiwaki. Nikamuuliza kama aliogopa chochote. Akasema panya, na ni kijana wa miguu miwili, futi sita. Nilicheka, na ninashukuru kwamba kambi kwao ni neno la furaha.

Ila yapo ninayoyakumbuka ambayo siwezi kumweleza. Kabla ya siku ile nilikuwa nikiogopa peke yangu, kwenye chumba cha nyuma, mambo ambayo hakuna aliyeniuliza. Pale mchangani tuliogopa watu kumi na mmoja, kitu kimoja, kwa pumzi moja. Nimeishi miaka mingi tangu hapo, na nimeogopa mengi, hospitalini, misibani. Sijapata tena wa kuogopa naye vile.