Kipa Asiyecheza Jumamosi

Javan Luseno amekata nyama katika soko la Burma jijini Nairobi kwa miaka ishirini na mitatu, na miaka yote hiyo amekuwa shabiki wa Maringo Nyota, timu ya ligi ya kaunti ambayo haijawahi kupanda daraja. Huzungumzia timu hiyo kwa upole, kama mtu anavyozungumzia goti linalomsumbua wakati wa baridi.

Kwa maoni yake, shida ilikuwa kipa. Phares alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu mstaarabu, na mipira ya chini aliiweza. Ya juu aliiogopa. Krosi ikija alifumba macho, kisha akayafumbua kuona imeishia wapi. Mara nyingi ilikuwa imeishia wavuni.

Sikukuu ya Jamhuri, kwenye mashindano ya wafanyakazi wa viwandani, Luseno alimwona Bwire. Alikuwa kijana mrefu aliyefanya kazi katika kiwanda cha mabeseni ya plastiki. Kila krosi aliifuata juu na kuichukua kama anayeanua nguo kwenye kamba. Alipangua penalti mbili, na hakushangilia hata moja. Luseno alirudi nyumbani akala kimya.

"Kuna nini?" aliuliza mkewe, Asenath.

"Nimeona kipa."

Asenath alimwongezea ugali. Hakuwa na dawa nyingine ya jambo hilo.

Wiki tatu baadaye, Jumapili alasiri, Luseno alitembea hadi mtaa wa Mukuru kwa Njenga na kilo mbili za nyama ndani ya mfuko. Alimkuta Bwire nje ya chumba chake akifua ovaroli. Alijitambulisha, akatoa nyama, akaeleza habari za Maringo Nyota bila kuficha chochote, hata ile mechi ya mabao saba.

Bwire alisuuza ovaroli mara mbili kabla ya kujibu. "Mko ligi, na ligi ni Jumamosi. Mimi ni Msabato, mzee. Jumamosi sichezi."

"Hata nusu ya pili?"

"Hata nusu ya pili."

"Na jua likishatua?"

"Likishatua niko huru. Lakini uwanja wenu una taa?"

Uwanja wa Maringo Nyota haukuwa na taa. Nyasi zenyewe zilikuwa upande mmoja tu. Luseno aliaga akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa timu, Kadija, mwenye duka la vitambaa, ambaye mtaa mzima humwita Mama Fahim. Mama Fahim alisikiliza huku akipima kitambaa cha pazia.

"Naweza kuomba mechi za nyumbani zihamie Jumapili," alisema. "Ugenini atadaka Phares. Lakini Jumapili uwanja uko wazi saa tano hadi saa saba mchana, basi. Na saa tano, baba, wewe uko wapi?"

Saa tano Luseno alikuwa madhabahuni. Mchungaji wao, mzee wa miaka sabini na tisa, alihubiri kwa Kimaragoli, na Luseno alisimama kando yake akitafsiri kwa Kiswahili kwa ajili ya waliozaliwa Nairobi. Hakukuwa na mtu mwingine wa kuifanya kazi hiyo. Walijaribu mmoja mwaka wa juzi, akawa anafupisha.

"Nipe siku chache," alisema.

Alifikiri siku nne. Kazini alikata mbavu vibaya, jambo ambalo wateja walilisema. Nyumbani Asenath alimuuliza kama ni afadhali aone timu ikifungwa, au asiione ikiacha kufungwa. Alimjibu kwamba swali hilo halimsaidii. Siku ya tano alirudi dukani.

"Andika barua," alimwambia Mama Fahim.

Bwire akasajiliwa. Jumapili ya kwanza mchungaji alihubiri juu ya Petro akizama ziwani. Uwanja uko nyuma tu ya ukuta wa kanisa, na katikati ya mahubiri kelele kubwa zilipanda huko. Luseno hakuweza kujua ni za furaha au za msiba. Mchungaji alikuwa amefika mahali Yesu anaponyosha mkono.

"Akanyosha mkono wake," Luseno alitafsiri, "akamdaka."

Mchungaji, anayejua Kiswahili vizuri, alimtazama kidogo, akaendelea.

Mechi iliisha sare, sufuri kwa sufuri. Iliyofuata nayo ikaisha hivyo, na ya tatu. Kwa wiki nyingi Maringo Nyota haikufungwa nyumbani, ingawa haikufunga pia, na Luseno akaanza kuwa na maoni kuhusu washambuliaji. Kila Jumatatu Bwire alipita Burma akitoka kazini kumsimulia. Kwa bahati mbaya hakuwa msimuliaji.

"Kulikuwa na krosi. Niliichukua."

"Uliichukuaje?"

"Kwa mikono."

Mechi moja ya nyumbani iliahirishwa kwa sababu ya mvua, ikapangwa sikukuu ya wafanyakazi, siku ya katikati ya wiki. Luseno alifunga meza yake mapema, akavaa shati alilovaa kwenye harusi ya binti yake, akasimama nyuma ya lango la Bwire. Asenath alikuja naye, kwa mara ya kwanza.

Bwire alifungwa mawili. La kwanza lilipeperushwa na upepo. La pili lilimpita katikati ya miguu, polepole, na Luseno aliliona lote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Filimbi ya mwisho ilipolia, Bwire alikuja amevua glavu.

"Samahani, mzee."

"La kwanza lilikuwa upepo," alisema Luseno.

"Na la pili?"

Luseno alifikiri. Alikuwa mtu wa kutafsiri maneno ya wengine bila kupunguza wala kuongeza, na uongo haukumjia upesi.

"La pili lilikuwa lako."

Bwire alikubali kwa kichwa. Asenath, aliyekuwa amemtazama akichukua krosi zote za mechi hiyo juu ya vichwa vya watu, alisema sasa ameelewa ni kwa nini mumewe alikula kimya siku ile ya Jamhuri. Kisha akamuuliza Bwire kama amekula. Bwire akasema bado, na wote watatu wakaondoka uwanjani pamoja.