Pochi ya Kahawia na Fundi wa Mjini

Pochi ilikuja na basi la Iringa, imetumbukizwa kwenye mfuko wa unga wa ngano na kuzungushiwa gundi ya karatasi mpaka ikabidi nitumie kisu. Kabla sijaifungua, ujumbe wa wifi yangu ulikuwa umeshaingia kwenye simu: "Hiyo pochi ya mama naomba uitoe harufu. Inanuka sijui nini. Ngozi yenyewe haina shida." Hata salamu hakuweka. Mama yake, yaani mama mkwe wangu, tulikuwa tumemzika miezi mitatu nyuma, na vitu vyake vilipogawanywa siku ya kumaliza msiba mimi nilipewa masufuria mawili na pole nyingi. Pochi alipewa wifi.

Niseme kwanza kazi yangu, maana watu wakiisikia wanacheka. Nakaa Mbeya, nafufua pochi za ngozi kuukuu. Nashuka soko la Mwanjelwa asubuhi wanapofungua mabelo ya mitumba, nachagua zile ambazo wenzangu wanazipita: zilizopauka, zilizokakamaa, zenye bizimu la kutu. Za plastiki siziangalii hata kidogo. Ngozi naijua kwa kuikwaruza ukucha na kuinusa, na muuzaji akiniletea maneno ya "ngozi halisi, dada yangu", namwambia aniache na pua yangu. Nyumbani nina meza kwenye kibaraza cha nyuma. Naisafisha kwa sponji na povu la sabuni, naianika kivulini, nashona palipofumuka, napitisha msasa laini kwenye pembe, narudishia rangi, halafu naipaka dawa ya ngozi, ile ya kopo inayotoka nje, mara tatu kwa siku tatu. Ikitoka hapo hata mwenyewe aliyeitupa Ulaya hawezi kuijua.

Hiyo dawa ya kopo ndiyo yenye kisa.

Mimi ni mtoto wa wafugaji. Babu yangu alitoka Usukumani na ng'ombe wake, akaswaga mpaka Usangu, na mimi nikazaliwa upande wa Rujewa, zizini kabisa, kama wifi anavyopenda kusema. Bibi yangu alikuwa fundi wa ngozi bila kuitwa fundi. Alikuwa anachukua ngozi kavu ya ndama, anaipaka samli aliyoitikisa mwenyewe kwenye kibuyu, anaifikicha magotini huku anaongea na watu, na jioni ngozi ile unaweza kumfunga nayo mtoto mchanga. Mimi nilikaa pembeni yake nikaona kila kitu, isipokuwa kipimo. Kipimo alikuwa anakitaja tu kwa mdomo, na mimi sikukitilia maanani.

Mume wangu ni wa Iringa. Kwao ni Walutheri wa mahindi na viazi, watu wa kwaya na vitabu vya nyimbo vilivyofunikwa jalada. Nilipopelekwa mara ya kwanza nilipokelewa vizuri, kamwene kamwene, ndiyo salamu yao, chai na viazi vitamu, halafu mjomba mmoja akaniuliza mbele ya watu kama ni kweli ng'ombe zetu ndio waliokausha mto Ruaha. Nikacheka. Ungefanya nini? Mama mkwe hakucheka wala hakunitetea. Aliniangalia tu viatu.

Alikuwa na pochi moja ya ngozi ya kahawia, yenye bizimu la njano, aliyonunuliwa na marehemu baba mkwe enzi akiendesha lori. Kila Jumapili aliitoa kabatini kwenda nayo kanisani. Miaka ya moshi wa kuni na baridi ya Iringa ilikuwa imeikausha, mpini umepasuka, mfuniko umekakamaa mpaka haulali. Nikaona hapo ndipo pa kumpatia mama yangu mpya. Nikamwomba, "Mama, niachie niitengeneze." Akanipa. Jamani, nilifurahi! Nilikuwa nataka neno moja tu kutoka kwake: umefanya vizuri. Hata mwanangu asingeniita, nisingelalamika.

Nikarudi nayo Mbeya, nikapiga simu kwa bibi aniletee samli. Nikapaka. Nikaona inakunywa, nikaongeza. Ikanywa tena, nikaongeza tena, nikasema leo italainika mpaka ikome. Halafu, kwa akili zangu, nikaifunga kwenye mfuko wa nailoni isishike vumbi, nikaipeleka Iringa siku ya Jumamosi. Kwa macho ilikuwa imependeza. Mama mkwe aliigeuza mara mbili, akaitikia kwa kichwa. Usiku ule nililala usingizi wa mtu aliyefaulu mtihani.

Jumapili kanisa lilijaa. Watu wakapasha hewa, na samli nayo ikapata moto. Mimi nilikuwa nimekaa benchi la nyuma, lakini niliona wanawake wa benchi lake wakigeuka mmoja mmoja, kisha wakisogea. Nzi walikuja. Mpaka sadaka inapitishwa, mama mkwe alikuwa amekaa peke yake na nafasi ya watu wawili kila upande, na alipofungua pochi atoe sadaka yake, noti ikatoka ina doa la mafuta. Sikuwahi kutamani ardhi inimeze kama siku ile.

Tulirudi nyumbani. Jikoni, mbele ya wifi na mashangazi na mume wangu, aliiweka ile pochi mezani akasema, "Nilikupa pochi, umenirudishia ng'ombe." Wifi alicheka mpaka akashika ukuta. Wote wakacheka, na mume wangu naye akatabasamu, hilo sijalisahau, nimeliweka. Maneno ya bibi ndiyo yakanirudia, nikajitetea, nikasema haraka haraka: "Mama, nilizidisha. Samli inatakiwa kidogo tu, ya ncha ya kidole. Unaipasha juani, unapaka kwa kitambaa, unaiacha, unaifuta yote. Na haifungwi kwenye nailoni." Akaniambia, "Nyamaza, umenitosha."

Tangu siku ile samli kwenye ngozi nikaikana. Nikajifunza dawa za kopo, nikapoteza hela nyingi na pochi nyingi mpaka nikazijua. Bibi aliwahi kuniuliza siku hizi napaka nini. Nikamwambia dawa ya dukani, bibi, ile yenu inanuka. Aliendelea kutikisa kibuyu chake. Amefariki sasa, na kauli yangu ya mwisho kwake kuhusu kazi aliyonifundisha ndiyo hiyo.

Lakini samli ya kula niliendelea kumpelekea mama mkwe kila Krismasi, kopo moja, mdomo wake nimeufunika kipande cha kitenge na kukaza kwa kamba. Mkwe ni mkwe. Alikuwa anaipokea, anasema asante, anaipeleka ndani, na mimi nikawa nadhani anawapa majirani.

Kama miaka miwili baada ya ile Jumapili, tulikwenda Iringa kwa ubatizo. Nikamwona mama mkwe anatoka chumbani na pochi yake ya kahawia. Loo! Ilikuwa inalala vizuri, mpini umelainika, rangi imekolea hasa. Sikuisogelea, nilikuwa na aibu nayo bado, ila nilijikaza nikasema, "Mama, pochi imependeza." Akanijibu bila kugeuka, "Niliipeleka kwa fundi mjini."

Maneno hayo yalinichoma kuliko yale ya ng'ombe. Kumbe kulikuwa na mtu anaweza! Sitaki kudanganya, nilimwonea wivu huyo fundi kwa miaka. Nikiwa kwenye meza yangu, kila pochi niliyomaliza nilijiuliza yeye angeifanyaje. Safari mbili nilishuka Iringa mjini, nikazunguka sokoni na stendi kwa mafundi viatu, nauliza nani anafufua pochi za ngozi. Mmoja alinionyesha mkebe wake wa rangi ya viatu na sindano, akasema, "Mama, hapa tunashona tu." Mwingine alidhani nimetoka serikalini. Nikarudi mikono mitupu, nimechukia, nikaamini wanamficha.

Basi ndiyo hiyo pochi iliyokuwa mezani kwangu sasa, nimeshaikata gundi. Nilisema nitamwona huyo fundi leo, kazi haiwezi kujificha. Nikaukunja mfuniko mara kumi, haukupasuka. Nikapitisha kidole kwenye mishono, hakuna uchafu wa mafuta uliojikusanya. Mtu aliyeifanya alikuwa na subira, anapaka kidogo na anafuta chote. Halafu nikainusa.

Ilikuwa samli. Si ile ya kuvunda, ni harufu nyepesi ya samli iliyopikwa vizuri, ya nyumbani kwa bibi kabisa. Nikafungua zipu ya mfuko wa ndani. Kulikuwa na kikopo kidogo cha mafuta ya mgando, kile cha mfuniko wa bluu, na ndani yake samli imebaki ya kama kidole kimoja. Pembeni kulikuwa na kitambaa kimekunjwa mara nne, kimelowa mafuta hadi kimekuwa cheusi. Nikakikunjua kwenye mwanga. Maua ya njano na kijani. Kilikuwa kitenge changu, kile nilichomfunikia kopo la Krismasi, nilichokikata kwenye gauni nililovaa nikiwa na mimba ya kwanza.

Nikakaa chini, kwenye sakafu ya kibaraza.

Hakukuwa na fundi mjini. Kila neno nililolisema jikoni siku ile nikiwa nimebanwa, ncha ya kidole, juani, kitambaa, futa yote, alilishika. Alinyamazisha mdomo wangu na kuchukua maneno yake. Akafanya kazi yetu kwa mikono yake, kwa samli yetu, kwa nguo yangu, mwaka hadi mwaka, na akaniambia fundi bila hata kunigeukia.

Watu nikiwaeleza wanasema, unaona, alikupenda kimyakimya. Nyoo! Upendo gani huo wa kufichwa ndani ya zipu? Mimi ningeufanyia nini hapo? Neno moja lingemgharimu nini? Nilihitaji nilisikie kwa masikio, nikiwa na miaka ishirini na minne, mbele ya wale waliocheka. Badala yake niliitupa kazi ya bibi yangu, nikamwambia mwenyewe inanuka, na huku Iringa kuna mwanamke anainusa kila Jumapili na kuona inamfaa. Nilimlilia mama mkwe siku ya mazishi kwa adabu. Siku hiyo kwenye kibaraza nilimlilia kwa hasira, na hasira haijaisha.

Mume wangu alipokuja nilimwonyesha kikopo na kitambaa. Akavishika, akavirudisha, akasema, "Mama ndivyo alivyokuwa." Hiyo ndiyo sentensi yake tangu tuoane.

Nikamwandikia wifi: "Hiyo harufu ni ya samli. Mama alikuwa anaipaka mwenyewe, kikopo chake kimo ndani. Nikiitoa haitarudi tena. Kama haikupendezi niachie mimi, nitakutengenezea nyingine nzuri kuliko hii, bure."

Akajibu upesi kuliko anavyojibugi siku zote: "Weee, hiyo ni kumbukumbu ya mama, siwezi kumpa mtu. Wewe itoe tu hiyo harufu, mimi kanisani nitakaaje? Na kikopo tupa."

Ningeweza kukataa. Ningeweza kuongeza samli mpaka itiririke, na wazo hilo nililifikiria vizuri sana, nisikufiche. Lakini pochi si yangu. Familia iligawa, ikampa yeye, na mimi kwenye kikao kile nilikaa na masufuria yangu nikasema asanteni.

Nikaanza Jumatatu. Nikaijaza unga wa mahindi uliochekechwa, ndani na nje, unyonye mafuta. Kesho yake unga ukawa umeshikana, nikaukung'uta, nikaweka mwingine. Nikaifuta kwa maji yenye siki, nikaianika kivulini, upepo wa huku ukaipitia mchana kutwa. Nikarudia. Kila asubuhi nilikuwa nainusa kabla sijanywa chai, na kila asubuhi mama alikuwemo kidogo kuliko jana. Siku ya tano nikaingiza pua kwenye mfuko wa ndani kabisa, chini ya zipu, nikakuta siki tu. Ndipo nikapaka dawa ya kopo, mara tatu, kwa siku tatu, kazi ya uhakika, sina haya nayo. Nikaifunga kwenye kitambaa safi, nikaipeleka stendi, nikaipakia basi la asubuhi.

Kikopo sikukitupa. Kipo dirishani, na kile kitambaa kimo ndani. Samli imeshaanza kuvunda, nikifungua inanikera, nafunga.

Jumatatu iliyofuata wifi aliandika. Safari hii aliweka salamu, na zile picha za mikono inayopiga makofi. "Wifi, imekuwa mpya kabisa! Jana kanisani kila mtu ananiuliza imetengenezwa wapi. Nimewaambia kuna fundi mmoja, mjini."

Nilikuwa nimesimama mezani na pochi ya mtu mwingine mkononi. Nikausoma mara mbili, nikafuta mikono kwenye aproni, nikamjibu, "Vizuri, wifi."