Waliokufa Hawakai Chini

Gladwell Wakonyo alizaliwa Kitale, kwa wazazi waliouza viazi, na mwaka wa 2003 alikuwa akifundisha darasa la nne katika shule moja ya msingi karibu na Sirisia. Watoto walimwita Madam Gradwell. Hakuwasahihisha. "Hata mama yangu huniita Gradwero," aliwaambia siku moja, na darasa zima likacheka.

Mwaka huo karo ya shule za msingi ilikuwa imeondolewa, na darasa lake likafika watoto tisini na mmoja. Walibanana wanne kwa dawati. Kipindi cha michezo, kila Ijumaa kabla ya chakula cha mchana, ndicho pekee walichonyooshea miguu. Mwalimu mkuu, Bwana Wekoye, alitaka kukigeuza kiwe cha hisabati.

"Madam, leo nimesimama dirishani nikahesabu," alimwambia Ijumaa moja. "Watoto sabini na wawili wamekaa kwa nyasi. Kama ni kukaa, si wakae darasani wafanye hesabu?"

Gladwell alijua ilikuwa kweli.

"Nipe Ijumaa moja tu, mwalimu."

"Nitakuja mwenyewe. Nikipata zaidi ya kumi wamekaa, kipindi kimeenda."

Mchezo wao ulikuwa kati. Wawili hurushiana mpira kutoka pande mbili, na walio katikati huukwepa. Anayegongwa "amekufa", anatoka. Mpira ulikuwa mmoja, kwa hivyo wengi walishinda wakingoja zamu. Jumatatu Gladwell aliwaomba walete juala kuukuu, ile mifuko ya plastiki ya dukani, na vipande vya kamba ya katani. Kufikia Jumatano walikuwa wamefunga mipira kumi, mingine duara, mingine yenye umbo la kiazi. Akawagawa makundi kumi, wakajaribu wakati wa mapumziko.

Dakika tano za kwanza zilikwenda vizuri. Kisha waliokufa wakaanza kujaa kwenye nyasi. Wa kwanza, kama kawaida, alikuwa Nekesa, msichana mpole aliyekuwa mzito wa miguu.

"Nekesa amekufa tena!" Hillary, mvulana mwepesi wa kundi lake, alipaza sauti. "Huyu hufa hata kabla mpira haujarushwa, bana!"

"Na Lazaro je?" Nekesa akamjibu pale alipokaa, akichuna nyasi. "Si alikufa na akafufuka? Ati ni mimi tu nikae?"

Gladwell, aliyekuwa akipita na filimbi shingoni, alisimama. Akaipuliza.

"Sikizeni. Kuanzia leo anayekufa atakimbia hadi kwa mpera ule, auguse, arudi. Akirudi, amefufuka. Anaingia kati."

"Sasa nani atashinda, Madam?" Hillary aliuliza, uso umemwanguka.

"Kengele."

Ijumaa Bwana Wekoye alikuja na kalamu na karatasi. Alisimama kando ya uwanja akaanza kuhesabu waliokaa. Hakumpata hata mmoja. Akaamua kuhesabu waliosimama, akafika thelathini, lakini kundi zima likamkata mbele likielekea kwa mpera, akapoteza hesabu. Akaanza upya. Mara ya tatu alimwona Nekesa ameketi, akaandika moja. Gladwell alishika filimbi yake kwa nguvu.

Nekesa alikuwa akijitoa mwiba wa kisigino. Alipoupata aliutupa, akainuka, akakimbia.

Bwana Wekoye alikunja karatasi. "Hawa hawahesabiki, Madam," alisema, akarudi ofisini. Jumatatu ratiba mpya ilibandikwa ukutani, na Ijumaa ya darasa la nne ilikuwa vilevile.

Nekesa hakuwahi kujua kukwepa mpira. Muhula wote aligongwa wa kwanza, na kwa sababu hiyo hakuna aliyekimbia hadi kwa mpera mara nyingi kumliko. Kufikia Novemba, Hillary, ambaye hakufa ovyo, ndiye aliyekuwa akihema nyuma yake wakikimbia kwenda darasani.

"Ngoja, bana!"

"Fufuka kwanza," Nekesa alimwambia, bila kugeuka.