Mkono Niliokunja
Wakati mwili wangu ukipigwa picha kwa dawa yenye mionzi, muuguzi alikuwa akiupapasa kwa kidole mrija mwembamba uliotoka mkononi mwangu hadi kwenye mashine iliyovuta damu yenyewe, kana kwamba anamtuliza mtoto. "Usiukunje mkono, kaka. Mashine hii hununa upesi kuliko wifi yangu." Alipogeuka, niliukunja nikakuna pua. Damu ikakwama, kipimo kikaharibika.

Daktari akaingia, akamfokea yeye: "Umefunga mrija vibaya tena! Kosa lingine, nakuondoa hapa." Akajibu, "Samahani, daktari," vidole vyake vikiendelea kuuzibua mrija. Mimi, mwandishi wa ushuhuda wa watu wengine, sikutoa wangu. Daktari alipotoka, muuguzi aliniinamia. "Pua ikiwasha tena," alisema kwa upole, "niambie nikukune."