Kamera Isiyoona Baka

Fundi Tulia hakuzaliwa na jina hilo. Alibandikwa na wateja, kwa sababu katika miaka ishirini na sita ya kupiga picha za vitambulisho hajawahi kumwambia mtu neno jingine mbele ya kamera. Ukicheka, tulia. Ukipiga chafya, tulia.

Mkewe ndiye aliyeshika meza ya mbele ya studio. Ndiye aliyemnyoosha mteja kola, akamfuta jasho puani, akampa kitana na kumnyang'anya akianza kuringa. Nyuso za mtaa mzima zilipita mikononi mwake. Uso wake mwenyewe ulikuwa na baka jeusi la kuzaliwa, kuanzia chini ya jicho la kushoto hadi karibu na mdomo, na tangu picha ya harusi, aliyopigwa na mumewe papo hapo studio, hakukaa tena kwenye kile kiti. Kwenye albamu ya familia yeye ni mkono tu: mkono umeshika keki, mkono umemshika mtoto asianguke.

Watu walicheka, na wana haki. Fundi wa picha hana picha ya mkewe! Fundi alijifanya hasikii. Halafu mwaka mmoja mkewe akaugua, akalazwa wiki tatu, na fundi akapekua nyumba nzima akaambulia ile picha moja ya harusi, yenye shavu la kulia peke yake. Aliogopa. Mke alipona, woga haukupona.

Ndipo wazimu wa kamera ulipoanza. Alikuwa amesoma mahali kwamba kuna mwanga usioonekana kwa macho, ule ulio ng'ambo ya wekundu, na kwamba ngozi ikipigwa picha kwa mwanga huo madoa yake hufifia. Akachukua kamera mbovu ya dijitali, akang'oa kwa kikata kucha kile kioo chembamba kinachouzuia mwanga huo usiingie. Akaiunganisha na sanduku la plaiwudi alilolipaka masizi ndani, akatia lenzi ya mashine ya fotokopi iliyokufa, na mbele yake akabandika kipande cheusi cha mwisho wa filamu, kile ambacho kila fundi hukitupa. Ukikichungulia ni giza tupu, lakini mwanga ule unapita.

Majaribio ya mwanzo, we acha tu. Shemeji yake alitoka na macho meusi tii na ngozi ya nta, akauliza kama amepigwa kabla au baada ya kufa. Karani mmoja jirani yake alikaa na suti yake nyeusi mpya. Koti likatoka jeupe, suruali nyeusi. Hivyo ndivyo ilivyojulikana kwamba vitambaa vilikuwa viwili, na fundi cherehani aliyeishona akaacha kupita mbele ya studio mwezi mzima. Lakini muuza magazeti, mwenye madoa uso mzima, alitoka safi.

Asubuhi iliyofuata Fundi Tulia alimwita mkewe.

"Mama, kaa hapo."

"Nina kazi."

"Hii kamera haioni baka."

Mkewe aliweka kitana mezani. Kisha akakaa. Fundi akasema tulia, akahesabu hadi nane.

Picha ikatoka. Shavu safi, halina hata alama. Fundi alimkabidhi, akasubiri kushukuriwa; alishaandaa hata jibu, kwamba si kitu.

Mkewe aliishika mbali, akaisogeza karibu.

"Huyu nani?"

"Si wewe?"

"Mimi simjui. Ningesema mdogo wangu, ila sina."

"Nilidhani baka ndilo linalokufanya ukatae picha."

"Baka? Hili nimezaliwa nalo, baba. Sijawahi kulionea aibu hata siku moja. Siku ya harusi nilikaa hapahapa nikakutazama wewe, nimefurahi mpaka basi. Ukaniambia nini?"

"Tulia."

"Kabla ya hapo."

Fundi akaanza kufuta lenzi.

"Ulisema geuka kidogo," mkewe alisema. "Dunia nzima unaiambia itulie. Mimi peke yangu uliniambia nigeuke. Iliniuma, na bado inaniuma."

Fundi alitaka kusema ilikuwa kwa sababu ya mwanga. Ulikuwa uongo, akaumeza.

"Nisamehe, mama."

Mkewe aliirudisha picha juu ya sanduku la plaiwudi, akanyoosha kidole kwenye kamera ya kila siku, ile ya vitambulisho. Fundi akaichukua. Mkewe akajiweka sawa kitini, uso mbele, baka na vyote, bila kugusa kitana. Fundi akaweka jicho kwenye kamera, na neno lake la miaka ishirini na sita likakataa kutoka.

"Tulia, baba," mkewe akasema. "Kamera inatetemeka."