Karani wa Fidia na Kisahani Chake

Karani anayeshughulikia fidia zetu, sisi tuliokula vumbi la asbesto karakana ya reli, ana mikono misafi kama ya mkunga. Kila nikifika pale Temeke kutoka Kimara ananiamkia, "Shikamoo mzee," ananifutia kiti kwa leso, kisha anafunika chai yake kwa kisahani. Paa la ofisi yake ni asbesto ileile, na linadondosha unga. Kila akigeuza karatasi anajipangusa mabega, kushoto kisha kulia.

Mke wangu Sekela alinifulia ovaroli miaka thelathini. Alikuwa anazikung'uta kwanza. Mwaka jana kifua kilimmaliza, na daktari akaandika ni vumbi hilo. Karani ameisoma barua ya daktari mara nne. "Mzee wangu, mfanyakazi ni wewe, na wewe mzima. Aliyekufa hakuwa mfanyakazi. Sasa fomu nimjazie nani?" Nikasema mjazie Sekela. Akatazama mlango, akainama, akaninong'oneza, "Basi wewe kohoa kidogo, mzee, niandike." Nilijaribu. Hakikutoka kitu. Akakohoa yeye kunionyesha, na kikohozi kikamkamata kwelikweli mpaka kisahani kikaanguka. Alipotulia akajipangusa mabega.

Nikamuuliza, "Shati hilo anakufulia nani?"

"Mama watoto," akasema. Kisha akalivua palepale, akalining'iniza dirishani, akarudi kukaa na singlendi. Akaivuta fomu, akaniuliza jina kamili la Sekela.