Aliyefuturu Nami Mbele ya Picha za Kijapani

Naapa kwa funga zangu zote, haya yalinifika mimi mwenyewe, hapa hapa Doha. Ukitaka cheka, lakini nisikilize mpaka mwisho.

Nilikuwa mlinzi katika hoteli moja ya West Bay. Ramadhani ile walitundika ukumbini picha za kale za Kijapani, zile za kuchongwa kwenye mbao kisha zikapigwa chapa kwenye karatasi. Moja ilikuwa ya wanawake wa danguro la zamani, wameketi nyuma ya dirisha la mbao wakingoja wanaume waje kuwachagua. Tuliambiwa waliuzwa humo tangu wadogo, na geti la mtaa wao hawakuruhusiwa kulivuka. Nyuso zao zilinitia simanzi, sikufichi. Mimi nilikuwa na furaha yangu: baada ya Idi narudi Unguja kuolewa, na hina nimeshapakwa na shoga yangu niliyekuwa nakaa naye mtaa wa Muaither.

Magharibi ilipoingia, wageni wote walishuka kufuturu. Nikabaki na tende zangu na maji. Mara akatokea mwanamke, uso mweupe kwa poda, mshipi mpana kaufunga mbele, tena peku. Mtu wa pwani ungefanya nini? Nilimtazama miguu. Si ndivyo tulivyofunzwa, kwamba jini ana kwato? Ilikuwa miguu ya binadamu, safi, kucha zimekatwa. Roho ikatulia, nikadhani ni msanii aliyeletwa na hoteli, nikamkaribisha futari.

Akala tende moja. Meno yake yalikuwa meusi ti! Kisha akanishika mikono yote miwili, akaniuliza kwa Kiswahili cha kwetu kabisa:

"Shoga, unatoka lini?"

"Baada ya Idi, inshallah. Naenda kuolewa."

"Mie sijatoka tangu niletwe. Basi natangulia."

Akaondoka kwa mlango wa mbele. Kutazama mikono yangu, hina haipo. Kutazama picha, mahali pa mwanamke mmoja patupu, pamebaki kokwa ya tende juu ya mkeka.

Kesho yake nilikwenda ofisini, wanakotuwekea pasipoti zetu, kufuata yangu. Mudiri, meneja wetu, akanishangaa. "Si ulikuja jana usiku mwenyewe ukaichukua?"

Siku ya Idi nikapiga simu nyumbani huku nalia. Mama akasema, "Wewe nani unayeiga sauti ya mwanangu? Mwanangu yuko jikoni hapa, na hina yake haijapauka hata kidogo." Akakata.

Miaka imepita. Nasikia ameshazaa. Mimi bado niko Muaither, na uchungu haujaniisha. Nawe uliye ugenini, mtu usiyemjua akikuuliza siku yako ya kutoka, usimtajie, hata awe na miguu mizuri namna gani.